Mama wa Nyundo Amewaka

Mjomba Kiula,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Hata ulipokuwa hai ulinikalia kimya mpaka niirudie, ndipo useme marahaba huku unacheka. Basi nairudia: shikamoo, Mjomba.

Banda lako la gemu hapa Shelui limefunguliwa. Nimeanza na hilo ili usinisumbue ndotoni. Tangu tukuzike lilikuwa na kufuli, na mimi nikawa napita ng'ambo ya barabara, nyuma ya malori, nisiuone ule mlango. Niliumia sana, Mjomba. Sikujua mtu mmoja anaweza kuacha nafasi kubwa hivyo kwenye kibanda kidogo namna ile.

Lakini leo sikuandikii kulia. Unakumbuka belo la kwanza la midoli, lile ulilonunua ukidhani ni viatu vya watoto? Tulipolifungua wakamwagika wale watu wadogo wa plastiki, kila mmoja kasimama juu ya kitako cha duara: mashujaa, majini, mazimwi yenye mikia. Ukaamua kwamba ni mapambo ya dashibodi. Ukachukua msumeno wa chuma, ukawakata vitako ili wakae vizuri, ukawabandika kwa gundi kwenye malori ya watu. Madereva walikusifu mpaka ukavimba kichwa. Halafu belo jingine likaja na ile sahani yenye waya. Ukaichomeka kwenye mashine kwa udadisi tu, ukaweka juu yake zimwi moja lililoponea msumeno, na papo hapo likaibuka kwenye televisheni, linatembea. Uso wako siku hiyo! Kumbe akili zao zote zilikuwa kwenye vitako, na vitako tulishavitupa kwenye shimo la taka.

Tangu hapo ukawa unachungulia malori kuliko trafiki. Dereva akishuka kula wali, wewe uko kwenye kioo chake cha mbele, unatafuta zimwi lililobaki na kitako.

Na tulimtafuta mmoja zaidi ya wote. Kwenye gemu kulikuwa na ule mstari wa picha za wahusika. Kila tuliyempata picha yake iliwaka, akabaki mmoja tu mweusi kama kivuli, mwanamke mnene kabeba nyundo begani. Tukambatiza Mama wa Nyundo. Belo likija, hayumo. Yule shujaa mwenye upanga alikuja mpaka tukamchoka, lakini Mama wa Nyundo hakuonekana. Ukawa na jibu lako: "Kinachopendwa hakiingii kwenye belo, mpwa wangu. Huyo kuna mtoto kamficha chini ya mto." Ulilisema kwa uhakika sana, nami nikaliamini.

Halafu akaja, kwenye belo lako la mwisho. Mimi nilikuwa Kinyangiri kwa mama, tunavuna alizeti. Ukanipigia simu, ukasema humweki kwenye sahani mpaka nirudi, tumwone wote. Nikakwambia mweke tu. Ukajibu, "Nimemngoja miaka yote hii, nitashindwa kungoja alizeti?" Moyo wako ndio ulioshindwa kungoja, Mjomba. Nilirudi kukuzika.

Msibani mtani wako alikutendea haki. Mama Nkwimba, yule Msukuma muuza wali, alivaa koti lako na kofia yako, akashika msumeno, akazunguka akitishia kuwakata waombolezaji vitako. Mchungaji alijifunika uso kwa Biblia, mabega yanatikisika. Kisha Mama Nkwimba akaingia bandani, akamchukua Mama wa Nyundo, akamfunga kwenye pindo la khanga, akatangaza kwamba huyu ni mke mwenzake na anaondoka naye. Nani angemzuia? Alichochukua mtani msibani hakinyang'anywi, hukombolewa.

Matanga yalipokwisha nikampelekea jogoo. Jogoo alimpokea, akamla, na Mama wa Nyundo hakumtoa. Akaniambia, "Wewe Mnyiramba, huyu simtoi mpaka nione banda liko wazi. Mjomba wako hakukurithisha kufuli." Nilikasirika, nikarudi nyumbani nanuna.

Kwa hasira hiyohiyo nikaituma picha yake kwenye kundi la simu la watu wanaokusanya wanasesere wa gemu. Kijana mmoja wa Dar es Salaam akanijibu upesi, anamtaka. Nikamuuliza kwa nini huyu hapatikani. Akanieleza kwamba kiwanda huwatoa kwa wingi mashujaa wakuu, kwa kuwa kila mtoto huanza na hao, na wengine hutolewa wachache kwa kuwa wenye maduka wanaogopa watawadodea. Tena Mama wa Nyundo alitoka mwishoni, gemu lenyewe limeshapoa, kisha kiwanda kikaacha kabisa kutengeneza. Hakutaja msumeno wako, nami sikukuchongea.

Nilitaka kuuza, nakwambia ukweli. Ningemwomba Mama Nkwimba kwa magoti, nimuuze, mashine nazo ziende, mambo yaishe. Nikamuuliza yule kijana kama angemweka kwenye sahani. Akasema hapana, atakaa ndani ya kabati la kioo, asiguswe. Hapo nikakuona wewe, umemshika mkononi, unamngoja mpwa wako. Nikazima simu, nikaenda kutafuta ufunguo.

Nilipofagia vumbi, Mama Nkwimba alikuwa mlangoni tayari, anafungua pindo la khanga. Nikamweka juu ya sahani. Ule mstari ukawaka wote, Mjomba, hakuna kivuli hata kimoja. Lakini hakuja kama mgeni. Juu ya kichwa chake paliandikwa jina, LENA, na nguvu zake zimejaa mpaka mwisho, kazi ya mtoto aliyecheza naye muda mrefu mno. Kitako kilikuwa kimeyatunza yote. Mashine ikauliza kama nifute nianze upya, nikabonyeza hapana. Mama Nkwimba akatania kwamba Lena huyo lazima ni mtoto wa kwao, Nzega.

Kwa hiyo ulikosea. Kinachopendwa nacho huingia kwenye belo. Kinaweza kupendwa kweli na bado kikaondoka mikononi mwa mwenyewe, wala si kosa la mtu. Nilikaa kwenye benchi lako nikalia, na katikati ya kulia nikajikuta nacheka, maana hatimaye nimekushinda hoja na hupo wa kubisha.

Nakuahidi hauzwi, hafungiwi kabatini, na jina la yule mtoto halifutwi. Atachezewa na kila atakayeingia kwa adabu. Wewe pumzika, Mjomba wangu. Uliyemngoja nimemtazama kwa niaba yetu sote wawili, na nilimtazama sana.

Mpwa wako.