Mafuta ya Papa Ukutani

Mjukuu wangu Mwanaesha,

Tangu tutoke Kismayu nimewaficha jambo. Salamu zako zimefika huku Mombasa. Shangazi yako amejifungua salama. Unasomea ujenzi, nawe umeniuliza kama tulikuwa na cha kukinga moto kwenye mbao za kuta za nje. Tulikuwa na chokaa. Nyanyako aliniambia, "Baba Omari, paka chokaa. Hii nyumba, si mashua." Nikamcheka, nikapaka mafuta ya papa, kama fundi wa mashua nilivyozoea.

Vita vilipoingia, wenye bunduki walichoma banda la jirani, cheche zikarukia ukuta wetu. Nyanyako hakuwahi kutoka. Nimewaambia siku zote kuwa walituchoma wao. Nyumba yetu hawakuigusa. Iliwaka kwa mafuta niliyopaka mimi.

Babu yako