Nani Anamaliza Tangi?

Jumatatu, 3 Februari
Joto! Hata kuku wanahema. Bomba kavu, na tangi limeshuka tena. Maji hayo ndiyo ya kuzifikisha nyanya hadi mavuno, hatuna mengine. Mimi namwagilia alfajiri, mume wangu jioni. Kopo moja kila shina. Mengine yanakwenda wapi? Jirani yetu, Bi Shingo — jina nimempa mwenyewe, kwa kuchungulia kwake juu ya ua — mchicha wake umenawiri. Kwa maji gani? Mimi sisemi. Ila dalili ya mvua ni mawingu.

Jumatano, 5 Februari
Nimeshindwa kunyamaza. Nimemwambia mzee: mwizi ni Bi Shingo. Akacheka, ati nimeanza upelelezi uzeeni. Jioni Bi Shingo kaniita uani. "Shoga, nina neno, lakini sijui utalipokeaje..." Nikamkatiza, nina sufuria jikoni. Anajihami kabla hajashtakiwa!

Alhamisi, 6 Februari
Majani ya nyanya yamegeuka njano. Bwana shamba kaja, kachimba kwa kidole. Eti si kiu, zimezidiwa maji, mizizi inaoza. Kiangazi hiki! Nikamwuliza kama amekunywa chai au njaa ndiyo inasema. Alipoondoka nikachimba mwenyewe. Tope tupu. Basi yule mwanamke haibi — anaizamisha bustani yangu kwa maji yangu! Roho mbaya iliyoje. Kesho namshika.

Ijumaa, 7 Februari
Niliaga naenda sokoni. Nikazunguka, nikajibanza nyuma ya mashuka kwenye kamba. Aliyetoka na ndoo ni mzee wangu. Jua la utosi! Akamwagilia mstari mzima, taratibu, akaingia ndani. Sijapumua vizuri, katoka tena. Ndoo ileile, mstari uleule.

Nikajitokeza. Baba, si umemwagilia sasa hivi? Lini, akasema, tangu jana sijagusa ndoo. Suruali yake inachuruzika maji. Hakuwa anatania; utani wake naujua. Bi Shingo alikuwa palepale kwenye ua, akaniona, akainamisha macho. Kumbe neno lake lilikuwa hili. Nimeona aibu, na nimeogopa kuliko aibu yenyewe.

Kisha mzee akachungulia tangi. Tunaibiwa, akasema, na wewe ulishaniambia ni nani. Hilo hakulisahau! Ndoo ya sasa hivi kaisahau, uzushi wangu wa juzi kaushika. Anataka twende tukamwambie usoni. Nikamwomba anisubiri kidogo, nikakimbilia chumbani, naandika haya. Nitamwambiaje kuwa si yule mama, bila kumwambia ni nani?

Ananiita. Kashavaa viatu. Nimesema nakuja — uongo, sijainuka.

Geti limelia. Hajanisubiri. Nasikia anabisha hodi kwa jirani, kwa hasira.

"Karibu, shemeji," Bi Shingo anamjibu. Kwa upole, kama aliyemzoea hivyo siku nyingi.