Kitanda cha Yusufu

Jumanne, 11 Machi 1975

Hatimaye nimempata daktari. Ni wa hospitali ya misheni, na yuko tayari kumlaza mume wangu mpaka aache pombe ya waragi. Ila anataka amri ya hakimu, maana Yusufu hatakaa kwa hiari. Tangu agonge kibanda cha muuza ndizi mtaani Wandegeya kwa gari la jeshi, amekuwa rumande.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimemkuta Yusufu sebuleni na kapteni wake, chupa mezani.

“Shemeji, furahi! Kesi hakuna tena,” kapteni akasema. “Hakimu tumeongea naye.”

Nikauliza gari ataendesha nani.

“Huyu huyu! Nani mwingine anajua njia zangu?” Akacheka, akamrushia funguo.

Daktari bado anangoja ile amri. Mimi nimewaletea glasi.