Majani Niliyoyaita Safi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mwanao vilevile. Mimi nipo, na ule mguu uliokuwa ukiuulizia umepona.

Unaikumbuka ile kamera niliyoiandika gazetini, inayotambua madini ya risasi kwenye mboga za majani kwa rangi ambazo macho yetu hayazioni. Mashine ile hufundishwa kwanza: huonyeshwa majani safi, kisha hupitisha yoyote yasiyoyazidi hayo kwa risasi. Mpimaji, mama mmoja ambaye wenzake humwita Jicho, alikuwa akitafuta majani ya mbali na barabara na viwanda. Nikajitapa kwamba dada yangu analima mchicha uani na kuumwagilia maji ya kisima, nikampelekea mafungu matatu. Alinitania kwamba leo mwandishi kaja na kitu mkononi badala ya maswali. Mtambo wao wa kupimia kwa tindikali ulikuwa mbovu, na wageni wa uzinduzi walikuwa njiani. Wakaniamini.

Mboga za soko zima zikapita. Nikaandika ukurasa wa kwanza kwamba ni salama. Watu wamezila miezi saba.

Mtambo ulipotengenezwa, Jicho akapima majani yako aliyokuwa ameyakausha na kuyahifadhi. Yana risasi nyingi kuliko fungu lolote la sokoni. Aliniita, akafunga mlango, akasema, "Mwandishi, tumeionyesha mashine sumu, tukaiambia huu ndio usafi."

Sikuuliza imetoka wapi. Pale uani ndipo marehemu baba alipokuwa akipasua betri za magari na kuyeyusha risasi, sisi tukicheza pembeni. Nilichuma palepale, wala halikunijia akilini.

Mhariri amekataa kusahihisha. Anasema habari ile imeshapoa.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Nilipokuja mwezi uliopita, nilikuwa nimeshajua. Ulipakua mchicha, nikala. Mwanao akaomba nyongeza, ukampa, nami nikatazama. Nilitaka mhariri akubali kwanza, nisibebe aibu peke yangu. Daktari niliyemuuliza anasema risasi ikishaingia kwenye mifupa ya mtoto hukaa miaka, na ilichoharibu kichwani hakirudi. Huenda ndiyo maana anachelewa kusoma, huenda siyo. Mpeleke akapimwe damu.

Ung'oe mchicha wote. Usiwape hata kuku, wala usipande kingine pale.

Nisalimie majirani, hasa wale unaowagawia mboga.

Ni mimi,
mdogo wako.