Saa Moja na Robo

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, anayekohoa ni cherehani tu. Wewe je, mgongo unaendeleaje?

Mteja wangu mmoja ameniletea koti nimpunguzie mikono. Mfukoni nikakuta tiketi ya ndege, ya huko huko kwako. Inaondoka saa nne asubuhi, inafika saa tano na robo. Nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani. Saa moja na robo! Na wewe miaka mitatu unaniambia safari ni mchana na usiku. Mimi kupunguza suruali mbili kunanichukua zaidi ya hapo.

Sina hasira. Nauliza tu.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mgongo unavumilika. Saa ya kufika huandikwa kwa saa za huku, na huku tuko nyuma yenu saa mbili. Ndege inatumia saa tatu na robo. Umehesabu vibaya. Nisalimie cherehani.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Cherehani imezipata salamu. Haya, nimehesabu vibaya, ni saa tatu na robo. Na huo mchana na usiku wako aliuhesabu nani?

Nimekuzaa, sikukuokota. Kama hutaki kuja, sema hutaki, nijue moja.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikudanganya.

Karatasi zangu za kuishi huku ziko ofisini mwaka wa tatu sasa. Nikivuka mpaka kabla hazijatoka, naanza moja, na kazi ndiyo imekwenda. Nikaona ukijua ni karibu utaningoja kila siku. Kukiwa mbali, utazoea.

Hiyo ndege ya saa nne naijua. Abiria wakimaliza kushuka, sisi wa usafi tunapanda. Nafuta meza, naokota maganda na magazeti ya kwetu. Dakika arobaini, kisha inarudi huko, mimi nabaki. Kila siku, isipokuwa Jumatatu. Huwa nakaa kidogo kwenye kiti kimoja kabla msimamizi hajaniona. Nimekukumbuka sana, mama.

Mwanao

21 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Pasi imetoka, picha yenyewe kama ya mwizi wa kuku. Ruhusa ya kuingia huko nimepewa, wiki mbili. Cherehani nimemwachia shangazi yako, wakohoe pamoja.

Nakuja Jumamosi ya tarehe sita, ndege ya saa nne. Kiti cha kumi na nne, dirishani. Wakisema tushuke, sishuki. Nitasema magoti yananiuma, na si uongo mkubwa. Wenzangu watapita wote. Wewe panda na ndoo yako kama kawaida, anzia mbele au nyuma, upendavyo. Utanikuta nimekaa.

Meza yangu usihangaike nayo, nitakuwa nimeshaifuta.

Mama yako