Sauti ya Naomi Katika Siku za Matanga

Mbagala, Dar es Salaam
Jumanne, jioni

Kwako dada yangu mkubwa Eliwaza,

Shikamoo, dada. Naiweka salamu hii mbele ya mengine yote, kama alivyotufundisha marehemu baba, kwamba mtu asianze kueleza shida yake kabla ya kumwinamia aliyemzidi umri. Natumaini, kwa rehema za Mungu, barua hii itakukuta mzima, na shemeji naye mzima, na kwamba goti lako halikusumbui mno katika baridi hii ambayo nasikia mwaka huu imekuja na ukungu usioondoka hata mchana. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku linanichosha, lakini mwanangu Yohana na mkewe wananitunza vizuri kuliko ninavyostahili.

Naomba unisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Tulipoagana hapo Mponde, baada ya mazishi ya Naomi, uliniambia nikujulishe nikifika. Nilifika salama. Kalamu nimeishika mara nyingi tangu siku ile na kuiweka chini. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako hupokewa na wajukuu, na jambo hili halifai kupita masikioni mwao kwanza. Tena mimi kwenye simu huishia kuuliza kama mvua imenyesha.

Unakumbuka ulivyocheka uliposikia kwamba mdogo wako, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mke, amegeuka kuwa mtu wa televisheni. Hata mimi nilijicheka. Vijana wa usharika wa hapa walinisikia nikiwasimulia watoto wa Shule ya Jumapili, wakanipeleka kwa watengenezaji wa kipindi kile cha watoto cha Jumamosi asubuhi. Huko nikamkuta Naomi, binti wa jirani yako Mama Naomi, akiwa mwimbaji wao wa siku nyingi. Yeye aliwafundisha watoto kuhesabu, kunawa mikono na kutaja herufi, yote kwa nyimbo. Mimi nilipewa kigoda na hadithi. Mwanzoni nilishindwa kabisa, dada. Niliambiwa nisimulie nikiitazama kamera, na kamera haiitikii. Nilisema maneno machache nikanyamaza, nikisubiri, kwa maana kwetu hadithi haisogei mpaka mtu aitikie. Ni Naomi aliyeelewa. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema, "Mwalimu, niambie mimi." Tangu siku hiyo tukawa na mlango wetu wa kuingilia. Mimi nilisema, "Nimetoka mbali, nimebeba hadithi." Yeye alijibu, "Karibu ndani, moto unawaka!" Watoto wa nchi nzima waliyajua maneno hayo.

Nayaeleza unayoyajua ili uelewe usiyoyajua.

Siku ile ya mazishi, watu walipokuwa wakinawa mikono, Mama Naomi aliagiza niitwe ndani. Wewe ulikuwa jikoni pamoja na akina mama. Aliutafuta mkono wangu, akaupapasa, kwa kuwa macho yake, kama ujuavyo, yamekwisha kabisa.

"Mwalimu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ile televisheni aliyoniletea mwanangu ipo kwenye kona. Watoto wa hapa huja kuifungua. Mimi siioni, ila hukaa nikamsikia."

"Najua, mama."

"Sauti yake isilie hapa mpaka tuondoe matanga. Nikiisikia, nitaitika."

"Hutaitika, mama. Utajua kwamba ni mashine."

"Wewe umezaa?"

"Nimezaa."

"Basi usinidanganye."

Dada, unajua wazee wetu walivyosema, kwamba mtu anayemwitikia aliyekufa humfuata. Mimi na wewe tulilelewa misheni, tukafundishwa kuyaacha mambo hayo, nami nimeyaacha. Lakini sikuweza kumhubiria mama aliyekaa juu ya mkeka wa msiba wa mwanawe. Nikamwahidi. Nilimwambia, "Haitalia, mama. Nitawaambia." Nilisema kama mtu mwenye mamlaka, nami sina mamlaka hata juu ya kigoda ninachokalia.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa kipindi. Ni binti mpole, mwenye adabu, wala sipendi umfikirie vibaya. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu. Pole sana. Sote tumeumia."

Nilimweleza kwamba kwetu msiba ukiingia, nyimbo na hadithi hunyamaza mpaka matanga yaondolewe. Nikamwomba wapumzishe kipindi kwa siku hizo, waonyeshe katuni au chochote kingine.

"Babu, watoto hawajui matanga. Wanajua Jumamosi."

"Basi tuwaambie, mwanangu. Tuwaambie kwamba Shangazi Naomi amefariki, na kwamba tunanyamaza kwa heshima yake. Hilo nalo ni somo."

"Babu yangu, somo linalofuata ni kuhesabu mpaka ishirini."

Mle chumbani alikuwamo pia Shabani, kijana anayechezesha kikaragosi cha mbega, mtu wa mzaha tangu nimfahamu. Alimwinua yule mbega, akamsemesha kwa ile sauti yake nyembamba: "Hata mimi nimefiwa, bosi, na ruhusa sijapewa!" Hakuna aliyecheka. Shabani mwenyewe aliufunika uso wake kwa yule mbega, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Jumamosi ile kipindi kilipisha matangazo ya sikukuu, na wiki iliyofuata waliniita kurekodi. Kiti cha Naomi kilikuwa kimesogezwa kando ili kisionekane. Niliambiwa niseme kama kawaida, na kwamba mengine yatashughulikiwa na mafundi. Sikuelewa, na nakiri sikuuliza. Nikasema, "Nimetoka mbali, nimebeba hadithi." Ghafla juu ya kichwa changu, kwenye vipaza sauti, Naomi akajibu, "Karibu ndani, moto unawaka!" Alijibu kwa furaha, na mwishoni akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

Dada, niligeuka kumtafuta. Mimi, mwenye akili zangu, niliyetupa udongo katika kaburi lake, niligeuka.

"Endelea, babu," walisema.

"Siwezi, wanangu."

"Basi pumzika kidogo, unywe maji."

"Si maji," nikawaambia, nikasimama. Niliwaomba radhi kwa kuwapotezea muda, nikatoka nje. Naamini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiacha kazi iliyo mbele yangu bila kuimaliza. Nilipofika nyumbani nilijisikia mwepesi. Nilidhani nimeitimiza ahadi yangu, kwa maana bila mimi kuita, Naomi angemwitikia nani?

Jana nilirudi kuaga rasmi. Fundi wa sauti, kijana mwenye moyo mzuri, alinivuta kando.

"Mzee, usijisumbue kwa ajili ya Jumamosi. Sauti yako tunayo ya kutosha. Nimeshaunganisha."

Akanivisha vile visikizio vya masikioni. Nilijisikia mwenyewe nikisema kwamba nimetoka mbali. Naomi akanikaribisha. Nikaanza kusimulia habari za mbuzi wanaohesabiwa zizini, naye akahesabu pamoja nami, akauliza, akashangaa, akaimba. Kila neno langu limetoka katika hadithi nyingine, na kila jibu lake ni la siku nyingine. Ni sisi wawili kabisa, dada, tukizungumza hadithi ambayo hatukuwahi kusimuliana.

"Imetulia, si ndiyo, mzee?" aliniuliza. Alidhani amenisaidia. Nilimjibu kwamba amefanya kazi kwa ustadi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilikwenda tena kwa msimamizi, nikamwomba karibu kwa kupiga magoti. Alilia, lakini hakubadilika. Alisema karatasi tuliyotia saini siku ya kwanza inawapa ruhusa ya kutumia sauti zetu, na kwamba walio juu yake hawatakubali nafasi ibaki tupu. Jioni Yohana aliisoma karatasi ile mara mbili, akaniambia kwa upole, "Baba, ni kweli." Kwa hiyo Jumamosi hii asubuhi kipindi kitaruka hewani. Mimi nitamwita, na Naomi ataitika, na matanga hayajaondolewa.

Ndipo ninapokujia, dada, kama nilivyokujia kila nilipokosa pa kwenda. Nakuomba uende kwa balozi wenu wa nyumba kumi, na kwa mzee wa kanisa, na kwa yule mzee wa msikitini anayemnunulia Mama Naomi sukari, uwaombe kwamba katika nyumba zile za karibu mtu asifungue televisheni Jumamosi asubuhi, wala Jumamosi zitakazofuata, mpaka matanga yaishe. Ile ya kwake mwenyewe iondolewe kwenye kona, ipelekwe kwako. Watoto waelezwe, nao ni wasikivu wakielezwa vizuri. Mama Naomi mwenyewe sijui aambiwe nini. Ukiona inafaa, mwambie kwamba nilijaribu.

Niwie radhi kwa mzigo huu. Msalimie shemeji, mumeo, na umwambie dawa yake ya kifua nimeipata. Msalimie mpwa wangu wa kwanza, anayechuma chai, na mkewe aliyejifungua juzi. Msalimie pia mama mkwe wa binti yako, aliyekuletea viazi siku ya msiba. Wajukuu wote wapokee baraka zangu.

Ndimi mdogo wako, mwenye kukuheshimu siku zote,
Natanaeli

Jumatano, asubuhi

Dada, nimeifungua tena bahasha. Nilikusudia kumkabidhi barua hii kondakta wa basi la Bumbuli, ambaye ni mtoto wa usharika na mwaminifu. Lakini nimeyasoma tena niliyoyaandika jana, na nimeona kwamba nimekupa aibu yangu uibebe mlango hadi mlango katika matope, kwa goti lile. Nisamehe.

Tena nimewaza zaidi. Hata majirani wote wakikubali, atakuwapo mmoja atakayesahau, au mtoto atakayeongeza sauti ikavuka migomba. Na Mama Naomi hataanza kumsikia mwanawe. Atanisikia kwanza mimi, niliyemwahidi, nikimwita mwanawe kwa furaha. Kisha atamsikia anaitika. Hapo na yeye ataitika, na hakuna karatasi wala mzee wa kanisa atakayemzuia.

Kwa hiyo nataka saa hiyo niwe nimekaa juu ya mkeka wake, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Sauti yangu ikianza kusikika kutoka nyumba yoyote ile, nitauweka mkono wake juu ya mdomo wangu, aukute umefumbwa. Akijua kwa vidole vyake kwamba anayesema kule si mimi, huenda ataweza kuamini kwamba anayeitika naye si Naomi. Sina uhakika, dada. Ila sina kingine cha kumpa.

Yohana amenikatia tiketi ya kesho. Nikifika nitakuwa nimechoka, na kwa mdomo sitaweza kuyasema haya yote. Naomba uisome barua hii hapo mlangoni, kabla ya kunikaribisha. Naileta mwenyewe.