Shubiri kwenye Banda la Tausi

Kilolo, Iringa
12 Machi 2024

Mpendwa dada yangu Severina,

Bwana Yesu asifiwe. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Mbeya, na mguu umepungua kuvimba. Ile dawa ya kuchua bado unaitumia? Usiiache. Sisi hapa tunaendelea. Marta anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi, lakini shambani anakwenda. Mvua zipo, mahindi yameanza kubeba.

Ningekupigia simu, ila jambo lenyewe nimeshalisema kwa mdomo mara moja, na mara ya pili siliwezi.

Nadhani nilishakuambia habari za Tausi, yule farasi jike mwekundu wa bosi wangu, Mzee Sosthenes. Mzee anazalisha farasi, na watoto wakikua anawauza kwa watu wa utalii njia ya Idodi. Tausi ndiye mzazi wake bora, lakini ana tabia moja, anang'ata mbao. Anashika ubao wa mlango kwa meno ya juu, anakunja shingo, anavuta hewa mpaka koo linalia gu, gu. Kutwa nzima. Meno yamelika, mbavu unazihesabu. Ezron, mwenzangu wa bandani, humtania, "Shikamoo mlevi! Leo umeshusha ngapi?" Mzee hacheki, maana wanunuzi wanaogopa mtoto atarithi.

Alipokuwa na mimba kubwa tulimvalisha mkanda wa shingoni wa kumzuia, ukamtia kidonda. Tukapaka mbao oili chafu, akailamba. Ndipo nikakumbuka mama alivyomwachisha mdogo wetu Peter ziwa kwa kujipaka shubiri. Wewe ndiye uliyembeba siku ile akilia. Ijumaa jioni nikakata mshubiri, nikakamua, nikapaka mlango wote kwa mikono yangu. Tausi akaonja, akaacha. Dada, nilimshukuru Mungu, nikajiona fundi.

Jumamosi asubuhi nikamkuta amehamia ubao wa pembeni, nikapaka na huo. Sijamaliza, akalala chini kuzaa. Saa mbili alikuwa ameleta dume, miguu mirefu, zuri kabisa. Nikasuuza mikono kwenye ndoo, maji matupu, nikampangusa Tausi kiwele kama tunavyofanya siku zote kabla mtoto hajanyonya. Mtoto akasimama. Akashika chuchu, akaachia. Akashika, akaachia. Mwisho akageuza uso.

Mzee alikuwa mlangoni. "Mama gani huyu, Aroni? Anamnyima mwanawe!"

Nikasema, "Labda ndiyo hulka yake, mzee."

Saa tano Ezron akaniletea chai na viazi. Nikamenya kiazi, nikatia mdomoni, nikatema. Shubiri tupu. Ilikuwa bado imeganda vidoleni. Nikajua. Nikaenda kumwosha Tausi kiwele kwa sabuni na maji moto, sikumwambia mtu. Lakini mtoto alikuwa tayari amelegea, hata akisimamishwa anaanguka. Mzee akasema tumpe muda. Daktari wa mifugo aliitwa jioni, akamnywesha maziwa kwa mpira, akasema amekosa dang'a, yale maziwa ya kwanza, kwa saa nyingi mno.

Jumatatu akafa. Nilimzika mwenyewe, upande wa juu wa shamba la miti ya mbao. Sikulia.

Mzee akaamua Tausi auzwe kwa mtu wa mkokoteni wa Kihesa. "Anang'ata mbao, anamkataa mwanawe. Abaki wa nini?" Mnunuzi angekuja Alhamisi iliyopita. Nami nilikaa kimya siku kumi na moja. Kanisani nilikwenda, nikasimama na wenzangu nikaimba, na wimbo ukapita kama basi la safari ya wengine. Mezani kwa Bwana sikwenda. Nilikula, nililala, Marta akiniuliza nilimwambia ni uchovu wa Kwaresima.

Jumatano, siku moja kabla, nikamfuata Mzee anaosha gari. Nikamweleza yote, toka mshubiri hadi kiazi. Hakugomba. Alifunga bomba kwanza.

Akauliza, "Nilipokuambia anamnyima, ulikuwa unajua?"

"Hapo nilikuwa sijajua, mzee. Nilijua saa tano."

Akaniangalia. "Ungesema saa tano, daktari angefika saa sita."

Basi, hilo tu.

Tausi hakuuzwa. Daktari amesema kumfungia na kumpa nyasi chache ndiko kunakomfanya ang'ate, kwa hiyo sasa anashinda malishoni na jike mwenzake. Nguzo za uzio bado anazing'ata, ila si kutwa. Mimi nimehamishiwa kwa ng'ombe. Mzee hakunifukuza, na shikamoo yangu anaitikia.

Dada, usiniombee nirudi kwa farasi. Niombee nilie. Ile saa tano naikumbuka kila siku kama habari ya mtu mwingine, na ninaogopa nisije nikazoea hivi.

Msalimie shemeji Liberatus, na Frida na wanawe wote. Peter akipita hapo mwambie namuulizia, ila haya usimwambie. Marta anakusalimu sana, ametenga maharage ya kukutumia.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, akupe miguu ya kukufikisha kwetu Pasaka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Aroni